Nani kasema data sio sehemu ya programu?

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, najua. Wapo walionipigia simu kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Hakuna hata moja kati ya hayo, ni kazi tu. Lakini kuna jambo limenikwama kooni tangu Mei 2024. Kila nikikaa na washikaji wa kompyuta nalitaja, wananisikiliza kwa adabu, halafu tunahamia kwenye Simba na Yanga. Leo nalitoa lote, hata kama utaishia njiani.

Mwezi ule gazeti lilinituma wilaya moja ya mbali kufuatilia zahanati. Hadithi unaijua: boma limefika kwenye lenta, pesa zimeisha, akina mama wajawazito bado wanapanda bodaboda kilomita ishirini na kitu. Nilikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kurasa kama mia mbili za mihtasari ya zamani ya vikao vya kijiji na kata, zimepigwa taipu, nilizipiga picha moja moja kwa simu juu ya meza ya mtendaji. Cha pili ni sauti ya kikao cha madiwani, saa tatu kasorobo, feni inalia, watu wanakohoa. Nilitaka kujua jambo moja tu: nani alitaja kiasi gani, na lini.

Jumapili, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za chini ya bahari zikakatika upande wa Afrika Kusini. Kama ulikuwa Dar siku ile unakumbuka... intaneti ya Afrika Mashariki ilianza kutambaa, na Tanzania tulikuwa kati ya walioumia vibaya. Kule nilikokuwa, hata kutambaa haikutambaa.

Mji ule una fundi mmoja, kijana wa rika langu, anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda kando ya stendi. Nilipomwambia laptopu yangu ina Debian alicheka, akavuta droo, akatoa diski ya nje aliyoifunga rababendi. Ndani yake ameweka nakala ya hazina ya vifurushi vya Debian. Aliikopi Dar kwa rafiki yake mwenye intaneti nzuri, akarudi nayo kwa basi. "Chukua unachotaka kaka," akaniambia. "Hii haijui kama mkongo umekatika."

Nikachukua Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha. Pamoja nayo nikachukua kifurushi kidogo kinachoitwa tesseract-ocr-swa. Hicho ni data tu. Hakina amri hata moja ndani yake, kina ujuzi wa jinsi Kiswahili kinavyoonekana kwenye karatasi. Dakika tano, kazi imeanza. Usiku huo nikawa natafuta neno "zahanati" ndani ya kurasa mia mbili kama vile natafuta jina kwenye simu.

Haya, sauti sasa. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ilikuwa tayari kwenye laptopu, niliiweka nikiwa Dar na nikajisifu mbele za watu. Nikaifungua. Ikaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kabla ya kuanza inahitaji kupakua faili lake la modeli. Gigabaiti tatu, kutoka seva iliyoko ng'ambo. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikalala, nikaamka, kiduara bado kinazunguka.

Sikuwa na siku ya kusubiri. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza na kuandika hadi alfajiri, na nilipofika kwenye kiasi cha fedha nikasikia "milioni kumi na saba". Diwani alisema sabini. Gazeti likachapa kumi na saba. Wiki iliyofuata likachapa masahihisho, na mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyenifungulia makabati yake bila kuniuliza maswali, akanipigia simu: "Mwanangu, sasa wanasema hata nyie hamjui hesabu."

Nilikosea mimi, sio kompyuta. Na kompyuta nayo ingeweza kukosea. Lakini ningekuwa na maandishi mawili ya kulinganisha, na pale yanapotofautiana ningerudi kusikiliza. Nilikuwa na moja tu, la mtu mwenye usingizi.

Programu mbili, laptopu moja, usiku mmoja. Ya kwanza ilifanya kazi kwa sababu data yake ilisafiri pamoja nayo, kwa njia ileile. Ya pili ilinikwamisha kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliamua kwamba data sio sehemu ya programu. Hivi nani alimpa ruhusa hiyo?

Kwa wasioifahamu: Debian ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Ian Murdock aliuanzisha mwaka 1993, na mpaka leo unatunzwa na watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Ubuntu, ambayo wengi wenu mmewahi kuigusa, imejengwa juu yake. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025 likiwa na vifurushi karibu 70,000. Usifikirie bando ninaposema kifurushi. Ni bahati mbaya ya lugha yetu kwamba neno hilohilo linabeba kitu cha bure kabisa na kitu kinachokumalizia mshahara. Kifurushi cha Debian ni programu, au kipande cha programu, kimefungwa vizuri na juu yake kimeandikwa kinahitaji vifurushi gani vingine ili kifanye kazi.

Vyote hukaa kwenye hazina moja. Hazina hiyo hunakiliwa na seva nyingi duniani, wenyewe wanaziita vioo, na nyingi ni za vyuo vikuu na makampuni ya intaneti yanayotoa nafasi bure. Hapa ndipo penye utamu. Kompyuta yako haikiamini kioo. Inaamini sahihi. Hazina hutoa orodha ya vifurushi iliyotiwa sahihi ya kidijitali, na ndani ya orodha hiyo kila kifurushi kimeandikiwa alama yake ya kidole, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Badilisha herufi moja ndani ya faili, namba inakataa. Maana yake faili linaweza kupita popote: kwenye waya wa baharini, kwenye kioo cha Nairobi, kwenye diski iliyokaa droo moja na bisibisi. Likifika, kompyuta inapima na kusema ndilo au silo. Yule fundi simjui hata jina la baba yake, na sikuhitaji kumjua.

Kuna na sheria. Kilichomo kwenye sehemu kuu ya hazina hakiruhusiwi kutegemea kitu kilicho nje yake. Hata wakati wa kujenga kifurushi kutoka kwenye msimbo wake, ni marufuku kwenda kuchota kitu mtandaoni. Sheria hii naipenda kuliko nyingi ninazozisikia zikipitishwa pale Dodoma.

Sasa subiri data iwe kubwa. Uzalendo unawashinda.

Niwatendee haki kwanza, maana sitaki nionekane mtu aliyekosa faili usiku mmoja akaamua kutukana dunia. Kubeba data ni mzigo kweli. Kuna gemu linaitwa 0 A.D., la vita vya kale, wamo Warumi, wamo Wagiriki, na tangu 2018 wamo hata Wakushi wa kule Nubia (bomba sana, jaribu). Programu yenyewe ni kitu kidogo. Picha zake, sauti zake, majengo yake na tembo wake ni kifurushi kinachopita nusu gigabaiti. Na kwenye hazina huwezi kuweka kifurushi peke yake, lazima uweke na chanzo chake, na chanzo cha picha ni picha hizohizo. Kwa hiyo unabeba mara mbili. Likitoka toleo jipya, faili zima linaingia upya hata kama aliyebadilishwa ni tembo mmoja. Na kioo kilichoko chuo ambacho hakuna hata mtu mmoja anayecheza gemu hilo kinabeba vilevile. Juu ya yote, bahasha ya kifurushi cha Debian ina nafasi ya tarakimu kumi tu za kuandikia ukubwa wa kila kitu kilichomo. Ukiwa na faili la gigabaiti kumi, haliingii hata ubembeleze.

Wala sio kwamba wamelala. Mwaka 2008 wasimamizi wa hazina wenyewe walipendekeza iwepo hifadhi ya pembeni kwa ajili ya data kubwa, ili kioo kisichoitaka kisilazimike kuibeba. Wazo zuri kabisa! Watoto waliozaliwa mwaka ule wengine wameshamaliza kidato cha nne. Hifadhi haijawa sehemu ya kawaida ya mfumo. Data kubwa ama imebanwa humohumo kwenye hazina kuu, ama haimo.

Pengo likishakuwepo, waandishi wa programu wanajitafutia njia ya mkato, na mimi nina ugomvi na njia hiyo.

Unaweka programu ndogo, safi, imekaguliwa, imetiwa sahihi. Unaifungua. Ndipo inatoa mkono dirishani kuomba chakula kwa jirani. Faili linatoka seva ya mwandishi wake, au ya kampuni iliyompa nafasi. Wasimamizi wa Debian hawajaliona. Kwenye orodha yenye sahihi halimo. Kwenye diski ya fundi halimo. Nyingine, ni kweli, zinapima zenyewe alama ya kidole ya kile zilichopakua, na nazipa hongera. Lakini siku mwandishi akiacha kulipia seva, programu iliyomo kwenye hazina inabaki ganda: inafunguka vizuri tu, na haifanyi kitu. Na kila anayepakua anaacha anwani ya kompyuta yake kwa mtu ambaye hakumchagua. Mimi ni ripota. Sipendi mtu wa ng'ambo ajue ni usiku gani nimeanza kugeuza sauti za vikao vya watu kuwa maandishi.

Hebu fikiria chumba cha kompyuta cha sekondari, mashine 30. Vifurushi vya Debian unavileta mara moja. Unaifanya kompyuta moja pale mbele iwe ghala, kuna programu ya kazi hiyo inaitwa apt-cacher-ng, na zile 29 zinachota kwake. Gigabaiti tatu zinabaki kuwa tatu. Lakini programu inayojipakulia data yake haina habari na ghala lako. Kila mashine inakwenda ng'ambo kivyake. Tatu mara thelathini, tisini. Nani analipa? Mwalimu, kwa bando la simu yake mwenyewe, akiwa amewasha hotspoti na kuiweka simu dirishani ili ishike mtandao. Najua, mwalimu mjanja atalikopi faili kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine, atafute limejificha folda gani, alibandike kwa mkono. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Ila miaka thelathini na zaidi ya kutengeneza mfumo mzuri wa kusambaza mafaili haikuwa kwa ajili ya kuturudisha kwenye flashi na kubahatisha.

Kwa hiyo pale mtu anaposema "tumeokoa nafasi kwenye vioo", muulize kwanza imeokolewa na nani na imelipwa na nani. Chuo cha Ulaya kimeokoa gigabaiti chache kwenye diski ambayo bei yake imekuwa ikishuka kwa miaka mingi. Gharama haijafutika, imehamishiwa kwa mtu mwenye waya mwembamba kuliko wote, na imezidishwa kwa idadi ya mashine zake.

Washikaji wa Dar wananijibu: acha hizo, intaneti siku hizi ipo. Mkongo wa baharini ulitua hapa mwaka 2009, una simu yenye 4G mfukoni, unalia nini? Hao ni watu wenye waifai ya ofisi. Aprili 2021 bei mpya za bando zilipotangazwa, kelele zilizopigwa nchi nzima zilifanya zisitishwe. Hawakuwa wanapiga kelele kwa sababu wanapenda kupiga kelele. Na hata ukiwa na pesa, tarehe 12 Mei 2024 pesa yako ingekusaidia nini? Kaka yangu mkubwa bado ana sidii za Ubuntu zilizoletwa kwa posta, bure, kutoka ng'ambo. Ule mpango ulianza 2005 ukafungwa 2011. Siutaki urudi. Lakini watu waliouanzisha walielewa kitu ambacho watengeneza programu wa leo wamekisahau, kwamba anayetumia programu huria anaweza kuwa mahali ambapo barua inafika haraka kuliko faili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna kanuni nyuma ya ubaguzi huu. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, hunspell-sw, ni data tupu. Imo. Majira ya saa ya dunia, tzdata, ni data tupu. Imo, na serikali fulani ikiamka asubuhi na kuamua kusogeza saa zake, kifurushi hicho husahihishwa hata ndani ya toleo ambalo mambo mengine yote yamegandishwa. Fonti ni data. Ile ya Tesseract iliyoniokoa ni data. Hujamsikia mtu akisema kamusi sio sehemu ya programu ya kuandikia. Tusidanganyane basi. Shida hapa ni kilo. Mgeni mwenye begi dogo anakaribishwa sebuleni, mwenye masanduku anaambiwa hatukujua kama wewe ni wa ukoo.

Ipo hoja moja ya kanuni, na hiyo naiheshimu. Wapo wanaosema modeli za siku hizi, hizi za sauti na lugha, sio huria hata kama leseni inasema hivyo, kwa sababu hupewi data iliyozifundisha, na bila hiyo huwezi kuzijenga upya. Unapewa ugali, hupewi unga. Mwaka 2025 wanachama wa Debian waliwekewa pendekezo juu ya suala hilohilo, likaondolewa kabla ya kufikia kura. Mimi binafsi naona wanaolalamika wana pointi. Modeli iliyofundishwa kwa sauti za watu ambao hawakuulizwa, kisha ikapewa leseni nzuri, inanifanya nijikune kichwa, hata kama ndiyo niliyokuwa naihitaji usiku ule. Ugomvi huo wacha uendelee. Ila usitumike kama pazia. Ramani haina ugomvi huo. Sauti zilizorekodiwa na watu waliokubali hazina ugomvi huo. Mbona nazo ziko nje?

Chukua ramani. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam darasani, wakaingia mitaani pamoja na wakazi, kata zinazofurika, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro. Kazi yao iliingia kwenye OpenStreetMap, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kunakili na kusambaza. Leo ukitaka ramani hiyo ya Tanzania nzima kama faili, ni mamia ya megabaiti, na mahali rahisi pa kuipata ni kwa kampuni ya Geofabrik iliyoko Karlsruhe, Ujerumani, ambayo inaikata nchi kwa nchi na kuitoa bure. Mungu awabariki, sina neno nao. Lakini angalia mzunguko wenyewe. Mtu kazama tope Tandale kupima mtaro. Kipimo kikaenda Ulaya. Programu za kusomea ramani zimejaa kwenye hazina ya Debian, QGIS na nyingine. Ramani yenyewe haimo. Afisa wa kata anayetaka kujua maji yatapita wapi mvua ya masika ikianza, aisubiri ramani ya kata yake ifike kutoka Karlsruhe kwa bando.

Utaniambia ramani hubadilika kila siku, na toleo la Debian hukaa miaka miwili. Sawa. Majira ya saa nayo hubadilika, na nimeshakuonyesha wanavyofanya. Ramani ya miezi sita iliyopita, iliyopo kwenye diski, ni bora mara mia kuliko ya leo asubuhi ambayo haifiki.

Wapo walioona mbali, na walitoka humohumo. NeuroDebian ni kundi lililokuwa likiwafungia wanasayansi wa ubongo programu zao ziwe vifurushi vya Debian, na likagonga ukuta uleule, maana picha za ubongo ni nzito. Joey Hess, aliyekuwa Debian kwa miaka mingi, alianza git-annex mwaka 2010. Ni chombo kinachokumbuka faili kubwa liko kwenye diski zipi na alama yake ya kidole ni ipi, bila kulazimisha faili lenyewe libebwe kila mahali. Michael Hanke na Yaroslav Halchenko wa NeuroDebian wakajenga DataLad juu yake. Hivyo usiniambie haiwezekani. Watu walewale, utamaduni uleule, wamefanya kwa ajili ya maabara. Kilichobaki ni kufanya kwa ajili ya mtu wa kawaida anayeandika amri ya apt na kutegemea kwamba kitu kitafika chote.

Ninachotaka mimi sio kikubwa. Wazo la 2008 litolewe kabatini lipanguswe vumbi. Chumba cha pembeni cha data kubwa, chenye orodha yake iliyotiwa sahihi na ufunguo uleule. Kioo kinachotaka kukibeba kibebe, kisichotaka kiache, na kingine kichague sehemu. Data ikatwe vipande vinavyoeleweka, kama walivyofanya kwa Tesseract, ambako Kiswahili ni kifurushi chake na Kijerumani ni kifurushi chake, na hakuna anayelazimishwa kubeba mzigo wa mwenzake. Lile faili la gigabaiti kumi lisiloingia kwenye bahasha likatwe, au alama yake ya kidole ndiyo iingie kwenye orodha, na faili lije kwa njia yoyote itakayoweza: torenti, kioo, diski. Na programu ikifunguliwa ikakuta data haipo, iniambie jina la kifurushi ninachokosa, niende kukitafuta, badala ya kukimbilia ng'ambo bila kuniaga.

Faida yake kwetu ni hii. Kubeba hazina nzima ya Debian ni kazi ya mtu mwenye diski nyingi na moyo mkubwa. Lakini kubeba chumba chenye Kiswahili, ramani za Afrika Mashariki na sauti chache? Hiyo inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya kawaida katika chuo chochote chetu, ikaunganishwa na kituo cha kubadilishana intaneti kilichopo hapahapa Dar, na isiguse waya wa baharini kabisa. Waya ukatike mara kumi. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati nusu yetu tulikuwa hatujui kushika mausi. Sasa tunashindwa kutunza folda?

Jana mmoja kaniuliza, na wewe unayelalamika umefanya nini? Swali zuri. Mimi ni ripota, msimbo wangu wa mwisho niliuandika mwaka wa pili chuoni na ulikuwa na makosa. Nilichofanya ni kidogo. Wiki iliyopita niliingia ofisini saa nne usiku, waifai ikiwa haina mtu, nikapakua lile faili la modeli, ramani ya Tanzania, na data nyingine mbili tatu za Kiswahili. Nikaweka kwenye diski. Alama ya kidole ya kila faili, herufi na tarakimu 64, nikaiandika kwenye karatasi kwa mkono wangu kama mtoto wa darasa la tatu. Diski nikampa kondakta wa basi la alfajiri pale Mbezi, elfu kumi ya mzigo, "mpe fundi wa kibanda cha stendi".

Sasa hivi naandika haya na ujumbe umeingia. "Kaka mzigo umefika. Lile kubwa linaishia na b3710e. Ndilo?"

Ngoja nitafute karatasi yangu. Nadhani nimeiacha ofisini.